Tulipowaazima Ngoma Wapinzani Wetu

Hotuba hii ilitolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wazee, akina mama na vijana waliokusanyika kusikiliza bendi za vijana. Twaichapisha yote kama ilivyosemwa.

Mabibi na Mabwana, wazee wangu, na ninyi vijana mlioketi hapo nyuma na ngoma zenu magotini,

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya faida ya michezo. Niliikubali kazi hiyo kwa furaha, lakini nilipoketi kuandika niliona ya kuwa habari za faida mmekwisha kuzisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wazijuao kuliko mimi. Kazi yangu ni kufasiri. Kutwa nzima naketi mezani nikiyageuza maneno ya Kiingereza yawe ya Kiswahili: sheria, matangazo ya chanjo ya ng'ombe, barua za watu wanaodaiana mashamba. Mtu wa kazi kama hiyo hana mengi ya kuwafundisha wanamichezo. Lakini yako majuma mawili katika kila mwaka ambayo kalamu hunianguka mkononi. Ni yale majuma yaliyo kabla ya Sikukuu ya Madaraka, wakati bendi zinapofanya mazoezi mjini. Nikisikia ngoma ndogo zikilia kwa mbali, na buruji ikizijibu, midomo yangu hujikaza yenyewe, na wenzangu ofisini hucheka wakasema, "Mwacheni, amekwenda kwao." Leo nataka kuwachukua huko kwetu.

Kwetu ni vilimani Taita. Nilisoma huko katika shule ya sekondari ya misheni, nami nilikuwa mpiga buruji katika bendi ya shule tangu mwaka wa 2004 hata 2007.

Huenda wako miongoni mwenu wasiojua tofauti ya buruji na tarumbeta. Tarumbeta ina vidude vya kubonyeza kwa vidole, nayo hutoa sauti zote za wimbo. Buruji haina kitu. Ni bomba la shaba lililokunjwa, lenye kinywa chembamba upande mmoja na mdomo mpana upande wa pili. Na ile miito yote ya askari, ya kuamka, ya kula, ya kuteremsha bendera na ya kumzika mwenzao, imetungwa kwa sauti tano tu. Hakuna kidole cha kukusaidia. Sauti huchaguliwa kwa midomo na pumzi, na midomo ikilegea kiasi cha unywele, buruji hupanda au hushuka mahali usipotaka, na uwanja mzima husikia. Mpiga ngoma akikosea, wenzake watano humfunika. Mpiga buruji hana pa kujificha.

Wala chombo hiki si kigeni kwetu kama watu wanavyodhani. Watu wa pwani walikuwa na siwa kabla ya Keya kujulikana, na mpaka leo zatajwa siwa mbili mashuhuri, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zilizopulizwa katika sherehe za wakuu. Buruji yenyewe ilikuja na majeshi. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kiliundwa mwaka wa 1902, na buruji ndiyo iliyokuwa saa ya kambi zake. Kwetu Taita ilisikika sana wakati wa vita vya 1914-18, kwa maana mpaka wa Wajerumani ulikuwa karibu; mapigano ya Salaita, upande wa Taveta, yalikuwa mwezi wa Februari 1916. Misheni nazo zikapenda bendi, na kutoka hapo ngoma na shaba zikaingia mashuleni.

Mwalimu wetu wa bendi hakuwa mwalimu wa darasa. Alikuwa mzee aliyestaafu jeshini, mfupi, mwenye mgongo ulionyooka kama ubao, nasi tulimwita Afande. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatutazama meno mmoja mmoja kama anunuaye punda. Aliyekuwa na pengo mbele alipewa ngoma. Mimi meno yangu yalikuwa kamili, nikapewa buruji, na kwa muda wa mwezi mmoja sikuweza kula kitu cha moto kwa ajili ya midomo kuvimba.

Tulikuwa na buruji nane, ngoma ndogo sita, na ngoma kuu mbili, moja mpya na moja kuukuu. Siku hizi ngoma nyingi huwambwa plastiki. Zetu zilikuwa za zamani, zimewambwa ngozi na kukazwa kwa kamba, na hapo ndipo ilipokuwa taabu yetu kubwa. Wanaoifahamu Taita wanajua ukungu wa vilima vile katika mwezi wa Juni na Julai. Hushuka alasiri ukaketi juu ya migomba hata asubuhi ya pili. Ngozi huunywa ukungu ule, ikalegea, na ngoma iliyokuwa ikilia kama mahindi yanayopasuka kikaangoni ikawa yalia kama mtu apigaye godoro. Basi kabla ya kila zoezi tuliwasha moto wa kuni nyuma ya jiko la shule, tukazipasha ngoma zetu tukizigeuza-geuza, na Afande akipita na kidole, akigonga moja, akasikiliza, akasema, "Bado. Hii imelala." Mpaka leo nikinusa moshi wa kuni mbichi nakumbuka harufu ya ngozi ile.

Ngoma hizo, naomba mlikumbuke neno hili, zilikuwa zimenunuliwa na wazazi wetu. Wengine walitoa mbuzi, wengine magunia ya mahindi, na mama mmoja mjane alileta kuku wawili. Jina la kila mzazi liliandikwa katika daftari lililotunzwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Sasa niwaambie habari za wapinzani wetu. Walikuwa shule ya huko chini tambarare, kwenye jua na vumbi jekundu. Kila mwaka, katika muhula wa pili, bendi za vijana zilikusanyika Voi kushindana, na ingawa zilikuja bendi sita au saba, kila mtu alijua ya kuwa shindano lilikuwa la mbili tu, sisi na wao. Kiongozi wao, yule atembeaye mbele na fimbo ndefu, alikuwa kijana mwembamba mno, mrefu, nasi tulimpa jina la Mlingoti. Tulimchukia sana. Alikuwa na namna ya kuirusha ile fimbo juu, asiitazame, akaidaka nyuma ya mgongo huku akitazama upande wetu. Hata leo sijui alifanyaje.

Mwaka wa 2004, mwaka wangu wa kwanza, walitushinda kwa nusu alama, na nusu alama ile naijua ilikotoka. Ilitoka kinywani mwangu. Katika mwito wa mwisho, ule wa kuteremsha bendera, midomo yangu ilikuwa imekauka kwa hofu, na buruji badala ya kupanda ililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Watu wakacheka. Hakuna aliyenigombeza njiani tukirudi, na jambo hilo lilinichoma kuliko kugombezwa.

Yafaa nieleze jinsi tulivyohukumiwa. Kila bendi iliingia uwanjani na alama 100. Waamuzi watatu walitembea katikati ya safu zetu na karatasi mkononi, na kwa kila kosa, mguu uliochelewa, mkwiro uliotangulia, sauti iliyopotoka, walikata. Hawakuongeza kitu kwa uzuri. Ungeweza kupiga kama malaika wala usiongezewe chochote. Kazi yao ilikuwa kuhesabu dhambi tu. Nilidhani desturi hiyo kali ilibuniwa Voi. Lakini nilipokuwa mtu mzima nikasoma habari za bendi za ngoma na buruji za Marekani, nikaona ya kuwa hata huko waamuzi walianza na alama 100 wakikata sehemu ya kumi kwa kila kosa, na kwamba desturi hiyo ilidumu katika mashindano yao makubwa hata mwaka wa 1983.

Habari za watu hao zilinivuta nikazisoma usiku kucha. Askari wao waliorudi kutoka vita vya 1914-18 ndio walioanza, katika chama chao cha American Legion, nao wakashindana kitaifa mjini Kansas City mwaka wa 1921. Baadaye makanisa, vikosi vya maskauti na mitaa ya mijini vikaunda bendi za vijana, mamia kwa mamia. Mwaka wa 1972 bendi hizo za vijana zilikutana Whitewater, katika jimbo la Wisconsin, kwa mashindano makuu ya kwanza ya chama kipya kiitwacho Drum Corps International, na waliotwaa ubingwa ni Anaheim Kingsmen kutoka California. Buruji zao zilikuwa zimekwisha kutiwa vali moja ya kubonyeza, kisha zikawa mbili, kisha tatu mwaka wa 1990, na mwaka wa 2000 zikaruhusiwa ala za shaba za sauti yoyote, hata buruji ya zamani ikabaki mikononi mwa wazee waipendao. Nao hao Kingsmen, mabingwa wa kwanza, bendi yao ya vijana haipo tena. Zimekufa bendi nyingi mno huko, kwa sababu ya gharama za magari na ala, na vijana kutawanyika. Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini, kwa kuwa nilikumbuka yaliyotupata sisi mwaka wa 2005.

Mwaka huo tulijiandaa kama watu wanaokwenda kulipa kisasi. Mimi nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri, nikaenda nyuma ya choo cha shule, mahali pasipo mtu, nikaupiga mwito wa kuteremsha bendera mara ishirini kabla ya kengele. Jamaa wa kijiji cha jirani walileta malalamiko ya kuwa kuku wao wameacha kutaga.

Basi yakiwa yamebaki majuma matatu, habari zikaja kwa dereva wa matatu. Bohari ya wapinzani wetu ilikuwa imeingia maji wakati wa mvua za masika, hakuna aliyeifungua kwa muda mrefu, na walipoifungua waliona ngozi zimeoza, panya wamekula kamba, na mbao za ngoma zimeachana. Buruji zao zilikuwa salama, lakini ngoma hawakuwa nayo hata moja. Hawangekuja Voi.

Niseme kweli mbele yenu: tulishangilia. Tulikimbia kuzunguka bweni tukipiga masufuria, na mmoja wetu akaiga mwendo wa Mlingoti na ufagio. Kikombe kilikuwa chetu. Katika kelele hizo Afande akatokea mlangoni. Hakusema neno. Alingoja hata tuliponyamaza wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Kesho baada ya mazoezi, ngoma ndogo tatu na ile ngoma kuu ya zamani zifungwe vizuri. Zinakwenda tambarare."

Ndugu zangu, hamjapata kusikia ghasia kama ile. Kiongozi wa wapiga ngoma, kijana mtulivu kabisa, alisimama mbele ya Afande akasema, "Afande, samahani, hizi ni ngoma za wazazi wetu. Mama yangu alitoa kuku." Ndiye mwana wa yule mjane. Afande alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue nilimwona mzee yule amekosa jibu. Akasema, "Umesema haki. Tutawauliza wenyewe."

Siku ya Jumamosi wazazi wakaitwa. Baba yangu alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo babu alikuja badala yake, akiwa na fimbo yake na koti la zamani la reli. Maneno yalikuwa makali. Baba mmoja alisema ya kuwa mtu hampi jirani jembe lake siku ya kulima. Mwingine akauliza, ngozi zikipasuka nani atalipa? Hayo hayakuwa maswali ya upuuzi, nami katika moyo wangu nilikuwa upande wao. Nilitaka kile kikombe. Nilitaka nusu alama yangu irudi.

Babu alipoinuka alianza kwa habari za beni, na vijana wengi waliokuwapo hawakujua beni ni nini, basi niieleze kidogo. Beni ni neno la Kiingereza la bendi lililovaa kanzu. Ngoma hiyo ilianza pwani yetu katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za majeshi na za misheni kwa ngoma, shaba na mavazi ya gwaride, na tangu mwanzo ilikuwa ya vyama viwili vinavyoshindana. Mombasa walikuwa Kingi na Skochi. Tanganyika walikuwa Marini na Arinoti. Askari na wapagazi wa vita vya 1914-18 waliichukua mpaka bara, hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambako ilizaa ngoma nyingine kama malipenga na kalela. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali na hata madaktari wake, kwa vyeo tu, na mgeni akiingia mji asiojulikana aliuliza chama chake kiko wapi, akapata mahali pa kulala, akifa, walimzika. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kilichochapishwa mwaka wa 1975. Babu hakukisoma. Alipokwenda Mombasa kijana kutafuta kazi, beni ilikuwa imekwisha kufifia, lakini aliwakuta wazee waliocheza, akakaa nao barazani.

Akasema, "Wazee wale walinisimulia mavazi, na ng'ombe waliochinjwa, na watu waliouza mashamba ili wasishindwe kwa karamu, jambo ambalo silisifu. Lakini nawaambieni, sikumsikia hata mmoja wa Kingi akisimulia habari zake pasipo kumtaja Skochi. Kila hadithi ilikuwa, Skochi walikuja hivi, nasi tukatoka hivi. Mngewaondoa Skochi, wazee wale wasingekuwa na la kusema. Wajukuu zetu wakienda Voi wakampiga mtu ambaye hakuja, watatusimulia nini jioni?" Kisha akaketi, akaomba maji.

Hawakukubali wote. Yule baba wa jembe alitoka nje akiwa amekasirika. Lakini mama mjane alisema ya kuwa kuku wake wawili walikwisha kuliwa zamani, na ngoma ikikaa Taita au ikienda tambarare kuku hawatarudi. Watu wakacheka, na jambo likapita.

Mimi nilichaguliwa kuwa mmoja wa watatu wa kuzipeleka, nadhani kwa makusudi. Tulishuka katika gari la mboga, nikiwa nimeipakata ngoma ndogo kama mtoto mgonjwa. Shuleni kwao walitupokea chini ya mwembe. Mlingoti alikuja mwenyewe. Karibu, alikuwa na chunusi kama sisi, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Aliipokea ngoma kutoka mikononi mwangu, akaigonga kwa kidole, akasikiliza kama Afande, akasema, "Imelegea."

"Ni ukungu," nikasema kwa hasira.

"Huwa mnafanyaje?"

Nikamweleza habari za moto wa kuni. Alisikiliza kwa makini, akauliza ni umbali gani kutoka kwenye moto, na kama twapaka mafuta. Hakusema ahsante. Tulipokuwa tukiondoka akatufuata mbio hata garini, akaniuliza, "Wewe ndiwe yule wa mwaka jana?" Nikajua anasema juu ya mbuzi aliyekanyagwa. Nikasema ndimi. Akasema, "Nilidhani umeacha," akageuka akaenda zake. Neno lile nililitafuna njia nzima. Sikujua kama ni matusi au ni heshima, na mpaka leo nalitafuna.

Siku ya shindano Voi palikuwa na jua kali, bila wingu hata moja. Sisi tuliingia mbele. Ngoma tatu ndogo badala ya sita ni kama mtu aliyetolewa meno: maneno ni yale yale, lakini upepo wapita katikati. Hata hivyo wapigaji wetu watatu walipiga kwa nguvu hata mmoja akavunja mkwiro, akauchomoa wa akiba mshipini pasipo kupoteza hatua. Mwishoni ukaja mwito wangu. Bendi yote ilinyamaza, nami nikasimama mbele peke yangu. Nilimwona Mlingoti upande wa pili wa kamba, ameegemea fimbo yake, hacheki. Nikailamba midomo, nikapiga. Sauti ile ya juu ilipanda mahali pake, ikakaa, nikaishusha polepole mpaka pumzi ilipokwisha. Mwamuzi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, kalamu juu ya karatasi, wala kalamu haikushuka.

Kisha wakaingia wao, na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulifikiri. Zile ngoma zetu, zilizokuwa zikilala kwenye ukungu wa vilima miaka yote, zilikuwa zimekaa tambarare majuma mawili juani. Ngozi zilikuwa zimekauka zikakaza. Mabibi na Mabwana, hatukuwa tumezisikia ngoma zetu wenyewe hata siku ile. Zililia kali, safi, kila pigo peke yake, hata watoto waliokuwa juu ya miti wakaacha kuzungumza. Mwana wa mjane alikuwa kando yangu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Ni yangu ile. Ile ya kushoto ni yangu. Sikia!" Wala sikuweza kujua kama analia au anajisifu.

Walipata alama 84. Sisi tulipata 82.

Wako miongoni mwetu waliotaka kuingia uwanjani papo hapo wakazitwae ngoma zao shingoni mwa watu. Afande alitoa amri moja, tukasimama wima, na tukasimama hivyo mpaka Mlingoti alipokwisha kupokea kikombe, akarusha fimbo yake na kuidaka. Miguu yangu ilitetemeka kwa ghadhabu. Nilikuwa nimepiga bila kosa, nikashindwa kwa ngoma niliyoipakata mwenyewe.

Ngoma zilirudi siku ya tatu. Zilikuwa zimepakwa mafuta, kamba mbili zilizochakaa zimebadilishwa, na ule ufa mdogo katika mbao za ngoma kuu, ambao sisi tulikuwa tukiuona kila siku tukiupita, umezibwa kwa ustadi. Afande aliupitisha mkono juu yake mara mbili. Kutoka siku ile tulijenga dari ndogo juu ya jiko la shule, ngoma zikalala kwenye joto la mafiga, na hatukuwasha moto nje tena. Mwaka wa 2006 wapinzani wetu walikuja na ngoma mpya walizochangiwa na wazazi wao, nasi tukawashinda kwa alama moja. Nilifurahi, lakini niwaambie kwa uaminifu, nikiulizwa leo kipande cha wimbo tulichopiga mwaka huo tuliposhinda, sikikumbuki. Cha mwaka wa 2005 naweza kukipiga mezani kwa vidole, chao na chetu.

Na nilikipiga, si zamani. Asubuhi moja nilikuwa kwenye dirisha la ofisi yetu, watu wamepanga foleni, akaja mtu mrefu mwembamba na hati ya shamba la marehemu baba yake, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, akitaka maana yake kwa Kiswahili. Nilimsomea mpaka mwisho. Alishukuru, akazikunja karatasi, kisha akanitazama midomo. Akasema, "Wewe ndiwe yule wa mbuzi." Kabla sijamjibu aliweka vidole vyake juu ya ubao wa dirisha akaanza mwendo wa ngoma ndogo, ule wa kuingilia uwanjani, polepole, nami nikaupokea upande wangu, tukaenda nao mpaka mahali buruji inapoingia. Mama mmoja nyuma yake kwenye foleni akasema kwa sauti, "Jamani, sisi tumekuja na shida zetu hapa!"

Tulimaliza kwanza.